Wanasema sisteme inakataa: nani aliyeifundisha kukataa?

Ninaongea na wasikilizaji na wasomaji wa Lubumbashi. Ninaongea pia na ninyi familia ambazo vita imezileta huku: ninyi mliotoka Goma na Bukavu baada ya M23 kuingia Januari na Februari 2025, ninyi mliovuka ziwa hadi Kalemie, na ninyi mlio hapa tangu miaka ya Bakata Katanga, kutoka Mitwaba, Pweto na Manono. Leo siongei juu ya bei ya unga wala juu ya umeme. Ninataka kugombana na sentensi moja tu, ambayo kila mmoja wenu ameisikia akiwa amesimama mbele ya meza yenye kompyuta, mtoto mgongoni na karatasi mkononi: "Mama, sisteme inakataa."

Mimi ninasema sisteme haikatai kitu. Mashine haina moyo wa kukataa. Kuna mtu, mahali fulani, aliketi akaamua kwamba binadamu ni visanduku vinane, akavifunga, akaenda zake. Siku mama anapofika na kisanduku cha tisa, karani anaangalia kioo, kioo kinanyamaza, na karani anasema mashine ndiyo imekataa. Hapo kosa linakosa mwenyewe. Shefu anasema ni mashine, mwenye mashine anasema ni fomu, mwenye fomu yuko Kinshasa au Bulaya, na mama anarudi Kampemba kwa miguu.

Tuanze na jina, maana ugomvi unaanza hapo kila asubuhi. Mkongomani ana nom, ana postnom, ana prénom. Huo ni mpango tulioupata tangu 1972, Mobutu alipotaka watu waache majina ya kizungu na kuchukua ya mababu. Baadaye majina ya ubatizo yalirudi, lakini postnom haikuondoka. Iko kwenye karte ya uchaguzi, iko kwenye diploma, iko kwenye daftari la shule ya mtoto. Sasa leta programu iliyotungwa kwa ajili ya watu wa Ulaya. Ina nafasi mbili: jina la kwanza na jina la familia. Postnom itakaa wapi? Karani mmoja anaibandika kwenye jina la kwanza. Mwenzake anaibandika kwenye jina la familia. Wa tatu ana haraka, anaiacha. Mama mmoja akiandikwa Ruashi leo na akaandikwa tena Katuba mwezi ujao kwa sababu amehamia kwa shemeji yake, mashine inaona wanawake wawili. Au siku ya kugawa vitu, jina la kwenye orodha halifanani na la kwenye karte, na mama anaambiwa akae pembeni pamoja na wadanganyifu.

Kuna programu mbaya kuliko hiyo. Kuna zile zinazokusanya watu wa nyumba moja kwa kuangalia jina la familia peke yake. Nani aliwaambia kwamba kwetu watoto wa baba mmoja wana jina moja? Wa kwanza amepewa la babu, wa pili la shangazi, wa tatu la rafiki wa baba aliyesaidia siku ya kuzaliwa. Watoto wanne, majina manne, nyumba moja. Mashine inawagawanya, na karani anasema tena ile sentensi.

Vijana wetu wanaosoma informatiki watasema papa huyu anaingia katika mambo yasiyomhusu. Basi niwaeleze wasikilizaji jambo hilo, kisha vijana wanisahihishe kama ninadanganya.

Katika lugha za kutunga programu, mtu, familia, gunia la mbegu, kila kimoja kinawekwa ndani ya mashine kama kitu chenye sifa zake. Familia ina sifa ya jina, sifa ya idadi ya watoto, sifa ya mahali inapolala. Lugha nyingi zinataka kwanza utengeneze kalibu, kama ile ya kufyatulia matofali ya udongo wa kichuguu. Ukishatengeneza kalibu, matofali yote yatatoka na umbo lake. Java ni lugha ya namna hiyo: kitu hakiwezi kupokea sifa ambayo kalibu haikuitaja. Lakini kuna lugha nyingine ambazo tofali likishatoka, hata likishakauka, unaweza bado kulitia alama mpya. Python, iliyotoka 1991, iko hivyo. JavaScript, iliyotoka 1995 na ambayo ndiyo inatembeza karibu kila ukurasa unaoufungua kwenye simu, iko hivyo pia. Programu ikiwa inatembea, bila kuizima, unachukua kitu kilichokwisha kuumbwa na kukiongezea sifa kwa mstari mmoja. Unaandika familia.postnom, unaweka alama ya sawasawa, unaweka thamani. Imekwisha.

Hata Java ina mlango: unaweka ndani ya kitu kamusi ndogo ya majina na thamani, na kamusi hiyo inapokea chochote. Ghala za data nazo zinaongezewa safu mpya kwa amri moja fupi. Kwa hiyo anayekuambia haiwezekani hasemi habari ya mashine. Anasema hajaruhusiwa, au hajaulizwa, au hataki kazi. Hayo ni mambo matatu tofauti, na mama ana haki ya kujua ni lipi kati yake linalomrudisha nyumbani.

Wala mfano wa kufanya vizuri hauko mbali. Mwaka 2004, kule Eldoret nchini Kenya, waganga wa kliniki za ukimwi walikuwa wanalemewa na karatasi. Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari kutoka Indiana, Marekani, waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, walianza kutunga kilichokuja kuitwa OpenMRS. Shida yao inafanana na yetu. Kila mwezi kulikuwa na dawa mpya, kipimo kipya, swali jipya. Kama kila swali jipya lingehitaji kumwita mtunzi wa programu abomoe kalibu, kliniki ingekufa. Wakaamua kwamba maswali hayatakuwa sehemu ya kalibu. Maswali yanawekwa katika kamusi, na kila jibu ni mstari wake: mgonjwa fulani, swali fulani, jibu fulani, tarehe fulani. Msimamizi wa kliniki anaweza kuongeza aina mpya ya sifa ya mtu kwenye kioo, mchana, wagonjwa wakiwa kwenye foleni, na karani wa chumba cha pili anaiona. Leo OpenMRS inatumika katika nchi nyingi. Ilizaliwa kwa sababu watu waliokuwa Eldoret walikataa kusema sisteme inakataa.

Nitarudi kwa OpenMRS, maana ina jambo jingine ambalo ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kwanza nijibu wale wanaosema: tuna kisanduku cha "Observations", karani aandike humo. Kisanduku hicho ninakijua. Ni shimo la takataka. Humo utakuta "mama ana mimba", "enceinte", "mimba miezi 7", "gros." na siku nyingine alama ya kuuliza tu. Mwanadamu akisoma anaelewa. Mashine haihesabu. Siku shirika likiuliza wajawazito ni wangapi ili lilete vyandarua, jibu litakuwa sifuri, wakati wajawazito wamejaa uwanjani. Habari iliyoandikwa mahali pasipohesabika ni kama haikuandikwa, isipokuwa karani amepata raha ya kuona amefanya kazi.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu vijana wa kufungua kila kitu nao wana dhambi zao.

Chukua mfano. Familia 300 zimeandikwa mwezi wa tatu. Mwezi wa sita mtu anaongeza sifa mpya: mjamzito, ndiyo au hapana. Familia zilizoandikwa baada ya hapo zinayo. Zile 300 hazinayo kabisa. Si kwamba zina "hapana", hazina kitu. Ukiuliza JavaScript juu ya sifa ambayo haipo, haipigi kelele. Inakurudishia neno la kusema haijulikani, na ukilitumia kama jibu la ndiyo au hapana, inalihesabu kama hapana. Python angalau inasimama na kulalamika kwamba sifa haipo. Kwa hiyo mtunzi mvivu anaongeza sifa, anajivunia wepesi wake, na wajawazito wote wa mwezi wa tatu wanatoka kwenye orodha bila mtu yeyote kuwatoa. Fomu za KoboToolbox, ambazo mashirika mengi yanazitumia kwenye kambi za mashariki, zina shida hiyo hiyo: ukiongeza swali na kuituma fomu upya, majibu ya zamani yanabaki na nafasi tupu. Nafasi tupu maana yake ni "nenda kaulize tena". Anayeisoma kama "hapana" ananyang'anya watu.

Kuna jingine dogo, la kuchekesha kama lisingeumiza. Katika lugha hizo zilizo wazi, ukikosea herufi moja, unaunda sifa mpya bila kujua. Unataka kubadilisha familia.simu, kidole kinateleza, unaandika familia.smu. Mashine inakubali kwa furaha. Sasa familia ina sifa mbili: simu ya zamani iliyokufa, na smu yenye namba nzuri ambayo hakuna programu itakayoitafuta. Ujumbe wa kwenda kuchukua msaada unatumwa kwenye simu iliyobaki chini ya kitanda huko Minova.

Watu wa PHP walichoka na makosa ya namna hiyo. Tangu toleo la 8.2, lililotoka Desemba 2022, ukiongeza sifa isiyotajwa kwenye kitu cha kawaida, lugha inakuonya kwamba jambo hilo linaelekea kufungwa. Wengi walipiga kelele. Mimi ninaona walifanya kwa akili, kwa sababu hawakufuta uwezo wenyewe. Walisema: kama unataka kitu chako kipokee sifa mpya, kiandike juu ya kalibu, kila msomaji aone. Mlango uwepo, lakini ujulikane ni mlango.

Ninafika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kuna sifa moja ambayo inapendwa sana na ofisi za nchi hii. Inaitwa "origine". Jimbo la asili, teritware, sekta, grupma, kijiji. Si mahali ulipozaliwa, si mahali unapolala. Ni kijiji cha babu wa babu, ambacho pengine hujawahi kukiona. Fomu nyingi zinaiuliza, na karani akiikosa kwenye mashine anasema mashine haijakamilika. Na kwa kuwa sasa kuongeza sifa ni kazi ya dakika moja, atatokea mtu atakayesema: tuiongeze basi, ili tujue wahami hawa ni watu gani.

Hapana. Hapa ndipo ninasimama na kuzuia mlango kwa mwili wangu.

Katika miaka ya 1930 Wabelgiji, hao hao waliotutawala, waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vyenye sifa moja ya ziada: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Ilikuwa neno moja tu kwenye karatasi, la kurahisisha utawala. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kuamua nani apite na nani afe. Baada ya mauaji hayo liliondolewa kwenye kitambulisho. Waliokufa hawakurudi.

Na sisi wa Katanga tusijifanye tunasikiliza habari za jirani. Mwaka 1992 na 1993, hapa katika jimbo lililoitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Mamia ya maelfu. Wengine walizaliwa hapa, baba zao walizaliwa hapa, walijenga reli na migodi hii. Walikaa kwenye stesheni za treni majuma na majuma, watoto wakifa kwa kuhara, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuijua. Wakati ule hakukuwa na kompyuta. Watu walitegemea jina, lafudhi na mdomo wa jirani. Waliweka sifa mpya juu ya mtu aliyekuwa jirani yao tangu utoto, mchana, maisha yakiendelea kutembea: "si wa hapa". Mtu ni yule yule, nyumba ni ile ile, kazi ni ile ile. Sifa moja imeongezwa, na kila kitu kimegeuka.

Fikiria sasa kazi hiyo ikifanywa na mashine. Karatasi ina uvivu wake: lazima uchape fomu upya, lazima upekue kabati. Ghala la data halina uvivu huo. Mstari mmoja unaongeza sifa, mstari wa pili unatoa orodha ya wote walio nayo, pamoja na avenyu na namba ya nyumba. Kiswahili cha Goma si cha Katuba, na sikio la jirani linatambua haraka. Linatosha kuleta maneno ya ubaya sokoni. Tusiliongezee orodha iliyochapwa.

Najua jibu litakalokuja. Watasema origine inahitajika ili kurudisha watu makwao amani ikifika. Uliza basi mahali walipotoka mara ya mwisho: mtaa, kijiji, tarehe ya kuondoka. Hayo yanatosha kwa kurudi. Mama aliyezaliwa Uvira, akaolewa Bukavu, akakimbilia Lubumbashi, atarudi Bukavu kwenye nyumba yake. Kijiji cha babu yake hakina shughuli humo. Watasema tena kwamba usalama wa taifa unahitaji. Usalama wa nani? Nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984, na bado wengi wetu kitambulisho pekee ni karte ya uchaguzi, na zile za 2023 wino wake ulifutika mfukoni. Serikali ambayo haijaweza kunipa kadi inayosomeka isianze kazi kwa kutafuta kabila la mkimbizi wa ndani.

Ndiyo maana ninairudia OpenMRS. Katika ghala lake, sifa iliyoongezwa kwa mtu haisimami peke yake. Pembeni yake kuna jina la aliyeiandika na tarehe aliyoiandika. Ikifutwa, haipotei hivi hivi. Inawekewa alama kwamba imebatilishwa, na nani, siku gani, kwa sababu gani. Nani, lini, kwa nini. Ofisi inayotaka kuniongezea sifa bila kuacha jina lake, mimi ninaiita mwizi hata kama inagawa mchele.

Ninachodai si kikubwa. Mashine zinazoandika wahami katika komine zetu ziwe na mahali palipotangazwa pa kuongeza sifa, na wanaotumwa kwenye meza wajue kupatumia, bila kungoja barua kutoka Kinshasa. Kila sifa mpya isomwe kwa sauti mbele ya wanaohusika kabla haijaanza kutumika: kamati ya wahami, shefu wa avenyu, mama mmoja mwenye kusema kweli. Walioandikwa zamani watafutwe waulizwe, wasihesabiwe kuwa "hapana". Origine, kabila na dini zisiwemo, na si kwa maneno tu: programu ifungwe hapo, ikatae kwa kelele. Hapo ndipo ninapotaka kusikia sisteme inakataa.

Na ninyi familia, mkifika mezani na kuambiwa ile sentensi, msiondoke bado. Ulizeni kwa upole: ni sifa gani inayokosekana, na nani ana ruhusa ya kuiongeza? Andikeni jibu, jina la ofisi na tarehe, hata nyuma ya jetoni. Mkiulizwa kijiji cha babu, jibuni mahali mlipolala kabla ya kukimbia, na mwulize swali hilo linakwenda kumsaidia nani. Mkileta majibu hayo kwetu tutayasoma hewani bila kutaja majina yenu.

Vijana wa informatiki, kwenu nina kazi fupi. Wale kati yenu walioitwa kusaidia kuandika watu Ruashi na Annexe, fungueni fomu hizo jioni hii muangalie kama postnom ina mahali pake. Kama haina, mnajua mstari wa kuandika. Wekeni jina lenu pembeni yake.